Msahafu wa Babu na Maji ya Masika



Aijuaye Kyela hahitaji kuelezwa habari ya maji. Nchi yetu ni bonde tambarare, upande wa kaskazini ina vilima vya Rungwe, mashariki ina milima ya Livingstone, na kusini ina Ziwa Nyasa. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote hushuka kwa kasi kutoka milimani, ikifika kwetu hupoteza mwendo, na mwezi wa Aprili husahau hata njia zake. Maji hayo ndiyo yatupayo mpunga usifiwao nchi nzima, na ndiyo yainyweshayo mikakao yetu. Maji hayo hayo ndiyo yatuingiliayo majumbani usiku bila ya hodi.

Masika ya mwaka 2014 yalituingilia sisi. Baba yangu alikwisha kufariki, nami ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba. Nilitoa vitu kwa mpango niliouona ni wa busara: kwanza bibi yetu mzaa baba, ambaye ilibidi nimbebe mgongoni, kisha watoto, kisha magunia mawili ya mpunga, kisha karatasi za shamba, kisha godoro. Msahafu wa babu ulikuwa juu ya rafu yake karibu na boriti, umefungwa katika kitambaa cheupe. Niliutazama. Nakumbuka vizuri kwamba niliutazama, nikasema moyoni kuwa maji hayawezi kufika pale. Na kweli maji hayakupanda hata pale. Ukuta ndio ulioshuka, maana nyumba yetu wakati ule ilikuwa ya tofali mbichi.

Siku ya tatu maji yalipopungua tuliuona chini ya udongo. Ulikuwa Msahafu uliopigwa chapa Bombay, wa hati nene iliyokoza, kama ile iliyokuwa ikiletwa pwani zamani kwa majahazi. Babu alikuja nao kwa njia ya ziwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Yeye alikuwa fundi wa cherehani kutoka Nkhotakota, mji wa ng'ambo ile ambao tangu zama za Majumbe, katika karne ya 19, ulikuwa na Waislamu na vyuo vya Kurani. Akaoa kwetu, Mnyakyusa wa Matema, akakaa, akafa, akazikwa hapa. Katika karatasi nyeupe za mwisho wa Msahafu ule aliandika vizazi vya watoto wake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, jina na siku na mwezi. Baba yangu naye aliendeleza kwa herufi za Kirumi. Wengi katika wazee wetu hawana cheti cha kuzaliwa, na cheti chao kilikuwa pale.

Tuliuanika juu ya mkeka mpya. Lakini kuanika kitu Kyela mwezi wa Aprili ni kazi ya kukata tamaa. Karatasi zilishikamana zikawa kitu kimoja kizito, kisha ukungu ukaingia, na wino wa karatasi za nyuma, uliokuwa wa kalamu, ukawa doa moja la rangi ya buluu. Baba yangu mkubwa alikuja kuutazama. Ni mtu wa maneno machache. Aliutazama Msahafu, akayatazama magunia yaliyokuwa pembeni, akasema, "Mpunga umepona." Hakuongeza neno, wala hakuhitaji.

Ikawa sasa, tufanye nini? Binamu yangu aliyesoma Unguja akasema kuwa Msahafu usioweza kusomeka tena hufunikwa kwa kitambaa safi ukazikwa mahali pasipokanyagwa, au huchomwa, kisha jivu lake likahifadhiwa. Kuzika kwetu hakuwezekani. Chimba shimo la shubiri tatu wakati wa masika, utakuta maji yakikungoja, na mafuriko yajayo yatakurudishia ulichokizika mbele ya macho ya watu. Ukabakia moto. Hapo baba mkubwa akasimama. "Achomaye Kurani ni adui wa Kurani," akasema. "Mimi kiberiti sishiki, na asishike mtu nikiwapo." Bibi alinyamaza. Mimi nami nilinyamaza, kwa kuwa mtu aliyeokoa mpunga hana sauti katika shauri kama hilo.

Tukaenda kwa mwalimu wetu wa chuo, mzee aliyenifundisha mimi juzuu ya kwanza na sasa amfundisha binti yangu. Yeye hakutupa hukumu upesi. Alituketisha barazani, na kwa muda wa baina ya sala ya Alasiri na Magharibi akatusomesha habari ambayo sote twadhani twaijua. Nitaieleza kama nilivyoifahamu, pamoja na niliyoyasoma baadaye, kwani vijana wetu wengi huikariri habari hii kama hesabu ya tarehe, wakapitwa na utamu wake.

Alipofariki Mtume (S.A.W.) mwaka 632, Kurani yote ilikuwa imekwisha kuteremka na kuandikwa, lakini haikuwa imekusanywa baina ya majalada mawili. Ilikuwa katika makuti ya mtende yaliyochongwa, katika mawe membamba meupe, katika mifupa ya mabega ya wanyama, katika vipande vya ngozi, na zaidi ya yote katika vifua vya watu. Mwaka wa 12 wa Hijra (633) ikawa vita ya Yamama, Waislamu wakapigana na Musailima aliyejidai utume. Wakashinda, lakini walikufa wasomaji wengi, akiwamo Salim, mtumwa aliyeachwa huru wa nyumba ya Abu Hudhaifa, ambaye alikuwa mmoja wa wale walioamriwa na Mtume wachukuliwe Kurani kwao. Sayyidna Umar akaona hatari ambayo wengine hawajaiona. Akamwendea Khalifa, Sayyidna Abubakar, akamshauri Kurani ikusanywe mahali pamoja.

Sasa tazama, ndugu msomaji, alivyojibu Abubakar. Mtu huyu ndiye aliyesimama imara wakati makabila yalipoasi, asitetereke hata Umar alipokuwa na wasiwasi. Lakini kwa jambo hili aliogopa. Akauliza atafanyaje jambo ambalo Mtume mwenyewe hakulifanya. Umar akazidi kumrejea, mpaka Mwenyezi Mungu akaufungua moyo wake. Wakamwita Zaid bin Thabit, kijana aliyekuwa mwandishi wa wahyi, naye akauliza swali lile lile! Watu watatu, na wawili katika wao wanauliza neno moja: vipi tufanye asilolifanya Mtume? Zaid baadaye alieleza kuwa lau angaliamrishwa kuuhamisha mlima asingaliona mzigo mkubwa kuliko ule.

Mwalimu alipofika hapa alimgeukia baba mkubwa. Akamwambia, "Kuogopa kwako, ndugu yangu, si ujinga. Abubakar aliogopa kabla yako." Nikamwona baba mkubwa akilegeza mabega.

Namna Zaid alivyoifanya kazi yake ndiyo iliyonikaa mimi zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa ameihifadhi Kurani kwa moyo. Angaliweza kuketi akaiandika kutoka kifuani mwake, na nani angalimkanusha? Lakini hakutosheka na hifadhi yake, wala hakutosheka na maandishi peke yake. Imepokewa kuwa hakupokea maandishi ya mtu ila kwa mashahidi wawili. Basi kifua kikawa shahidi wa karatasi, na karatasi shahidi wa kifua. Kurasa hizo, zilipokwisha, zilikaa kwa Abubakar mpaka kufa kwake mwaka 634, kisha kwa Umar mpaka kuuawa kwake mwaka 644, kisha kwa binti yake, Bibi Hafsa, mjane wa Mtume, mwanamke aliyejua kuandika. Jambo hili wahubiri wetu hulipita haraka, nami sijui kwa nini. Amana kubwa kuliko zote za umma iliwekwa mikononi mwa mwanamke, naye akaitunza.

Wakati wa Sayyidna Uthman hofu ilikuwa nyingine. Hapo haikuwa khofu ya kupotea, ilikuwa ya kugombana. Jeshi la Sham na jeshi la Iraki walikutana katika vita vya Armenia na Azerbaijan, kila watu na kisomo walichofundishwa na Sahaba wao, wakaanza kukosoana kwa ukali. Hudhaifa bin Yaman aliyaona hayo akashtuka, akaja mbio Madina kumwambia Khalifa auwahi umma huu kabla haujakhitalifiana katika Kitabu chake. Uthman akazitaka kurasa kwa Bibi Hafsa kwa ahadi ya kuzirejesha. Akamkalisha Zaid yule yule pamoja na Makureshi watatu: Abdallah bin Zubeir, Said bin Al-As, na Abdurrahman bin Harith bin Hisham. Akawaamuru kwamba wakikhitalifiana na Zaid katika neno, waliandike kwa lugha ya Kikureshi, kwani ndiyo Kurani iliyoteremka kwayo. Haya yalikuwa kadiri ya mwaka 25 wa Hijra (646).

Katika kazi hii ya pili Zaid aliikosa aya moja ya Surat Ahzab katika maandishi. Si kwamba hakuijua, maana mwenyewe alikuwa akimsikia Mtume akiisoma. Alilolikosa ni andiko lake. Akalitafuta mpaka akalikuta kwa Khuzaima bin Thabit, Mwansari ambaye Mtume aliufanya ushahidi wake peke yake kuwa sawa na ushahidi wa watu wawili.

Nakala zilipokamilika zilipelekwa katika miji mikubwa, Makka, Sham, Basra, Kufa, na moja ikabaki Madina. Kurasa za Bibi Hafsa zikarudishwa kwake kama alivyoahidiwa. Kisha Uthman akaamuru maandishi mengine yote yachomwe moto.

Hapo baba mkubwa alikohoa. Mwalimu akaendelea kana kwamba hakusikia. Akasema tusidhani kuwa amri ile ilikuwa nyepesi kwa watu. Walikuwako waliokuwa na kurasa zao walizoziandika kwa mikono yao, na kila ukurasa una kumbukumbu yake: huu niliusikia safarini, huu niliuandika siku fulani. Abdallah bin Mas'ud, Sahaba mkubwa aliyezichukua sura zaidi ya sabini kinywani mwa Mtume mwenyewe, jambo hili lilimuuma, wala hakuficha. Uthman alilaumiwa. Na imepokewa kuwa Sayyidna Ali ndiye aliyewakataza watu wasimseme vibaya kwa jambo hili, kwa sababu halikufanywa ila kwa shauri la Masahaba. Mwaka 656 Uthman aliuawa nyumbani mwake, na Msahafu uko mbele yake.

Na zile kurasa za Bibi Hafsa zenyewe, zile alizozikusanya Zaid kwa amri ya Abubakar, ziko wapi leo? Haziko. Imepokewa kuwa alipofariki Bibi Hafsa, Marwan, aliyekuwa liwali wa Madina, alizitwaa akaziharibu, akichelea kuwa siku moja mtu atazifanya sababu ya shaka. Mimi nilikuwa siijui habari hii, na nakiri kuwa ilinishtua. Ngozi zile zilizoshikwa na mikono ile hazipo, na Kurani ipo. Ile ahadi ya Mwenyezi Mungu katika Surat Hijr, aya ya 9, kwamba Yeye ndiye mlinzi wa aliyoyateremsha, haikuwekwa juu ya ngozi wala juu ya karatasi za Bombay.

Mwalimu akaomba aletewe Msahafu wetu. Akaupokea kwa mikono miwili. Akajaribu kutenga karatasi, zikakatika, mpaka akapata moja iliyobakiwa na maneno matatu yanayosomeka katika Surat Yasin. Akamwita binti yangu, wakati ule ana miaka kumi na mmoja, akamsomea yale maneno matatu, akanyamaza. Mtoto akayapokea, akaendelea. Akasoma yote yaliyokuwa katika ukurasa ule, akapita, hakujua kuwa ukurasa umekwisha kwa sababu yeye hakuwa na ukurasa mbele yake. Akasoma mpaka mwisho wa sura. Kulikuwa na kunguru wanapiga kelele mwembeni, na hakuna aliyewafukuza.

Baba mkubwa akaniambia, "Lete kiberiti kesho." Kisha akasema, "Lakini zile karatasi za nyuma hazimo kifuani mwa mtoto huyu."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Basi usiku ule, katika nyumba ya jirani iliyotusitiri, tulinunua daftari la shule na tukakaa kuandika upya vizazi vya ukoo wetu. Mwenyezi Mungu aniepushe na kulinganisha orodha ya majina ya nyumba yetu na Kitabu Chake. Lakini kanuni njema huazimwa, nasi tuliazima ya Zaid: jina lisiandikwe ila kwa watu wawili wanaokumbuka, kila mmoja aulizwe peke yake. Kazi ya kuandika nilipewa mimi. Sijui kama ilikuwa adhabu au msamaha, sikuuliza.

Ilikwenda vizuri kuliko tulivyotaraji. Huyu alizaliwa mwaka wa njaa, yule alizaliwa mpunga ukiwa unavunwa, mwingine siku meli ilipofika Itungi na habari ya kifo cha fulani. Walipopingana, tuliacha nafasi tukarudi baadaye. Tukafika kwenye kizazi cha kwanza cha babu, nami bila ya kuuliza nikaanza kuandika jina la baba mkubwa, kwani kila mtu ajua kuwa yeye ndiye mzaliwa wa kwanza.

Bibi akasema, "Ngoja. Kabla ya huyu palikuwa na msichana."

Chumba kizima kikanyamaza. Bibi akaeleza kwa Kinyakyusa kwanza, kisha kwa Kiswahili. Msichana aliishi siku arubaini na mbili. Babu alimpa jina, akaliandika juu kabisa ya karatasi ile, na baada ya kumzika hakulitamka tena, naye bibi akamfuata katika kunyamaza kwake. Watoto waliofuata hawakusoma herufi za Kiarabu ila zile za Kurani, na hati ya babu ya mkono ilikuwa ngumu. Miaka zaidi ya sabini jina lile lilikuwa limekaa pale juu, watu wanalipita.

Binamu yangu, kwa uangalifu wake, akauliza shahidi wa pili ni nani. Hakuna. Waliokuwako wote wamekufa, na andiko limekwenda na maji, nami najua limekwendaje. Bibi hakubishana. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyezoea.

Baba mkubwa, mzee wa miaka sabini aliyejua usiku ule kuwa yeye si wa kwanza kwa mama yake, akasema, "Khuzaima alihesabiwa wawili. Mama ameshuhudia. Andika juu yangu."

Nikaandika. Bibi akataka asomewe, nikamsomea. Akataka tena.

Asubuhi tulikwenda Matema. Wakisi wa Ikombe ni wafinyanzi tangu kale, na vyungu vyao huletwa huko kwa mitumbwi. Tulinunua chungu kipya kisichopata kupikiwa, tukauchoma Msahafu ndani yake, kidogo kidogo, kwa sababu ulikuwa bado na unyevu. Baba mkubwa ndiye aliyewasha, akasimama juu yake mpaka likabaki jivu jepesi lisilo na herufi. Kisha tukapanda mtumbwi. Upande ule milima ya Livingstone huingia moja kwa moja ziwani, na si mbali na ufuko maji huwa ya kina kikubwa sana, tena safi. Hapo tulilimimina jivu, na chungu tukakiachia nacho kikazama.

Daftari nililinakili mara tatu kwa mkono wangu. Nakala moja ilikwenda kwa ndugu zetu wa Mbeya, moja Dar es Salaam, moja Karonga kwa shangazi aliyeolewa huko. Baada ya wiki mbili shangazi akaleta salamu kali kuwa katika jina la mwanawe nimeandika l mahali pa r, kwa sababu nimelisikiliza kwa masikio ya Kinyakyusa, na kwamba hataki nakala yake iwe sahihi peke yake huku zile nyingine zikiendelea na kosa. Nikasahihisha ya nyumbani. Ya Dar es Salaam ilisahihishwa kwa simu, bibi akiwa ameketi karibu anasikiliza kila herufi. Ya Mbeya nilipanda gari nikaifuata mwenyewe.